Bibi alikuwa mke wa askari. Jiwe la kaburi liseme nini?

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, nina miaka 31, naishi Mwanza. Safu yako naisoma siku nyingi, ila sikuwahi kufikiri kwamba nitakuandikia, tena si kwa habari za mume wala mawifi bali kwa sababu ya jiwe la kaburi.

Bibi yangu mzaa baba alifariki Julai 2024 akiwa na miaka 75. Tulimzika Tarime, pembeni ya babu, ingawa yeye alikuwa Mngoni wa Songea. Alizaliwa jirani na misheni ya Peramiho, akasoma hapo mpaka darasa la nne, na masista wakamfundisha kushona. Mwaka 1967 akaolewa na babu, Mkurya, askari wa JWTZ aliyekuwa kambi ya Songea. Kuanzia hapo maisha yake yakawa ya uhamisho. Wakatoka Songea wakaenda Nachingwea, kisha Tabora, kisha Dar es Salaam. Babu alipostaafu mwaka 1990 wakarudi kwao Tarime, na bibi akaanza kujifunza Kikurya akiwa na miaka zaidi ya 40. Babu alifariki 2003.

Siku ya mazishi ya bibi ulisomwa wasifu wa mistari minne. Marehemu alizaliwa Songea, aliolewa na Sajini fulani, alijaliwa watoto wanne na wajukuu kumi na mmoja, aliugua kisukari, Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Halafu msomaji akaweka karatasi mfukoni akaanza kumsimulia babu: vita vya Kagera, daraja la Kyaka, medali, mpaka jinsi babu alivyokuwa akipiga saluti hata kanisani. Alimaliza dakika kumi nzima. Nilikaa chini ya turubai nikijiona nimekuja kwenye msiba wa babu kwa mara ya pili.

Sasa familia inakutana tena Tarime Jumamosi ya tarehe 26 Julai kwa Misa, kubariki kaburi na kufunua jiwe. Tarehe aliichagua baba mkubwa, makusudi, kwa kuwa ni kesho yake ya Siku ya Mashujaa. Yeye ndiye mtoto wa kwanza, amezaliwa 1968, na naye ni askari mstaafu. Maneno ya jiwe ameshayaandika: "Hapa amelala mke mpendwa wa Sajini" na jina la babu, "mpiganaji wa vita vya Kagera". Jina la bibi liko chini, kwa herufi ndogo. Na jiwe la babu lililo pembeni lina maneno hayohayo ya Kagera!

Mimi nimepewa kazi ya kuandika wasifu mpya, "kwa kuwa wewe ni mwalimu". Nilianza kwa kumwuliza shangazi, kitinda mimba wao, ndiye aliyemuuguza bibi. Akanieleza mambo ambayo sikuwahi kuyasikia. Babu alipokwenda vitani mwaka 1978 aliwaacha kota Tabora, bibi na watoto wanne, mdogo akiwa na miaka miwili. Fedha zilikuwa zinachelewa au hazifiki. Bibi akajifunza kwa mama mmoja wa mtaa wa Ng'ambo kupika wanzuki, pombe ya asali, akawa anauza. Kambini ilikuwa marufuku, kwa hiyo alipikia kwa huyo mama. Siku moja akakamatwa na ndoo kichwani, akalala mahabusu usiku mmoja. Haya bibi alimsimulia shangazi mwenyewe, siku moja anaogeshwa, huku akicheka mpaka akakohoa.

Jingine halina kicheko. Babu alirudi 1981 akiwa mtu mwingine. Alikuwa anaamka usiku akipiga kelele, na mara moja bibi alizinduka mikono ya babu ikiwa shingoni mwake. Mwaka 1982 bibi alichukua watoto akaenda kwao, akakaa miezi saba. Baba yangu anakumbuka kusoma Songea darasa la tatu, lakini siku zote alijua ni likizo ndefu. Bibi akarudi, na pombe hakupika tena. Kwa nini aliacha, shangazi hajui.

Nimemgusia baba mkubwa habari ya wanzuki tu, hata Songea sijafika, akawaka. Amesema mama yake hakuwa mgema, na kwamba mambo yaliyozikwa yasifukuliwe siku ya Misa. Anataka niandike kwamba "alivumilia". Baba yangu mimi ni mtu wa "amueni, mtaniambia". Shangazi anasema niandike yote.

Nimebaki na daftari lenye ukurasa mmoja. Na pazia. Kwenye sanduku la bati la bibi tulikuta pazia la maua ya bluu, limeungwaungwa chini na pembeni kwa vitambaa visivyofanana, leo halifai dirisha lolote. Shangazi anasema lilizunguka kambi zote. Mke wa baba mkubwa alitaka kulifanya tambara la kufutia miguu, nikalichukua.

Niandike nini, na nini nikiache? Na nikianza kulia katikati ya kusoma nifanyeje?

Mjukuu, Mwanza

*

Marahaba mwanangu. Pole kwa msiba wa bibi, na pole kwa kuhudhuria msiba wa babu mara ya pili. Hapo nilicheka peke yangu, Mungu anisamehe.

Kabla sijakujibu ujue kwamba mimi mwenyewe ni mtoto wa kota. Baba yangu alivaa kombati miaka 22, na nimelala katika nyumba za laini ambazo ukipiga chafya jirani anakwambia "afya". Kwa hiyo usinihesabu kama refa. Nina upande, na upande wangu ni wa mama aliyekuwa akibeba ndoo.

Nianze na pazia, maana hilo umelitaja mwishoni kama kitu cha ziada, na mimi naona ndiyo kurasa zako za kwanza. Nyumba za kota hazifanani madirisha. Unahama na pazia lako, unafika, unakuta dirisha linakupita kwa shubiri moja chini, au ni pana na pazia linaacha uchochoro pembeni ambao kila apitaye anakuona unavyopakua. Mshahara wa koplo hauwezi pazia jipya kila uhamisho. Unaunga. Sasa litandaze kitandani mchana, kwenye mwanga mzuri, uhesabu viungo. Kila kiungo ni nyumba. Angalia kitambaa cha kila kipande: kitenge, shuka la zamani, gauni la mtoto? Halafu geuza upande wa nyuma utazame mshono. Mwanamke aliyefundishwa na masista wa Peramiho anashona mstari ulionyooka. Ukikuta kipande kimeshonwa kwa cherehani na kinachofuata kimeshonwa kwa mkono, muulize shangazi yako cherehani ilikwenda wapi katikati. Kitu kama hicho hakipotei nyumbani kwa mshonaji bila kuwa na habari ndefu nyuma yake, na mimi ningependa sana kujua kama ilikuwa Tabora.

Nachingwea usiipite kwa jina tu. Mapema miaka ya 1970 pale palikuwa na kambi kuu ya mafunzo ya wapiganaji wa Frelimo, waliopigania uhuru wa Msumbiji, na vita vyao vilikuwa ng'ambo ya Ruvuma. Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Baba yako alizaliwa wapi? Nikihesabu umri wake, kama mwaka 1982 alikuwa darasa la tatu, basi huenda bibi yako alijifungulia hukohuko, mji mdogo uliojaa watu wanaosubiri nchi yao. Ukiuliza utapata jambo.

Sasa baba yako mkubwa. Usimfanye adui. Mtu aliyekuwa askari maisha yake yote, akimwandika mama yake "mke wa Sajini" anampa cheo cha juu kabisa anachokifahamu. Kambini mke hukaa kwenye cheo cha mumewe. Nimemwona mama yangu akisogea kwenye benchi, siku ya sherehe, kumpisha mke wa mkubwa wa baba, na hakuna aliyemwambia asogee. Baba yako mkubwa amekulia humo. Amepanga tarehe karibu na Mashujaa ili na mama yake apate kivuli chake. Ni upendo, ila umevaa sare ya babu.

Tena hajaanza yeye. Askari wa Kiafrika waliopigana upande wa Mjerumani katika Vita Kuu ya Kwanza walifuatwa na wake zao kwa miguu, watoto mgongoni, masufuria kichwani, wakavuka Ruvuma kuingia Msumbiji, wakarudi, mpaka Abercorn, ambayo leo ni Mbala ya Zambia, jeshi lile liliposalimisha silaha Novemba 1918. Wanawake hao walipika na kuzaa njiani. Na upande wa pili, wa Mwingereza, wamo wake wa askari wa Keya, yaani King's African Rifles, ambao habari zao ni chache vilevile. Ukifika Dar es Salaam nenda kaitazame Sanamu ya Askari iliyowekwa mwaka 1927. Ni mwanamume mwenye bunduki, na maandishi yake yanamwahidi kwamba akifa kwa ajili ya nchi yake watoto wake watalikumbuka jina lake. Mama wa watoto hao, ambaye ndiye angewatajia hilo jina, hayumo.

Kwa jiwe, mwambie baba yako mkubwa hivi, kwa adabu, mkiwa wawili na si mbele ya kikao. Mstari wa kwanza, herufi kubwa, jina la bibi alilozaliwa nalo pamoja na la baba yake. Chini yake miaka, 1949 hadi 2024. Chini yake Peramiho na Tarime. Halafu ndipo "mke wa Sajini" na jina la babu, na "mama wa" majina manne ya watoto, yeye akiwa wa kwanza. Kagera iko kwenye jiwe la babu, hatua mbili pembeni, na msomaji yeyote atageuza shingo. Mkumbushe pia kwamba wachonga mawe wengi hutoza kwa idadi ya herufi. Hoja hiyo huenda ikamwingia haraka kuliko zangu zote.

Na kabla ya hoja yoyote, muulize swali. Novemba 1978 alikuwa na miaka kumi, na mtoto wa miaka kumi huona kila kitu. Usimuulize "mlijisikiaje", mzee wa jeshi atakujibu "kawaida". Muulize: siku baba alipoondoka Tabora, mama alikuwa amevaa nini? Nani alibeba begi? Jioni ile mlikula nini? Nyamaza baada ya hapo. Hata akikaa kimya dakika mbili, usimjazie. Naamini huyo anayekukataza kufukua ana simulizi ambayo hakuna aliyewahi kumwomba.

Nakuomba ufute neno "alivumilia" popote ulipoliandika. Si baya kwa mtu aliyekaa foleni ya benki. Kwa bibi yako halisemi lolote, kwa sababu anayevumilia namwona amekaa, mikono mapajani, anangoja. Hebu hesabu naye miaka hiyo. Mwalimu Nyerere alitangaza tarehe 2 Novemba 1978 kwamba uwezo wa kumpiga Amin tunao, sababu tunayo na nia tunayo, na nchi nzima ikakumbuka maneno hayo. Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979, na watu wengi, hata wenye elimu zao, wanadhani askari walikunja mahema wiki iliyofuata. Hapana. Jeshi letu lilibaki Uganda, na wa mwisho waliondoka 1981. Babu yako alikuwa miongoni mwa waliochelewa. Redio ilikuwa imeshatangaza ushindi, nyimbo zimeshaimbwa, na nyumba ya bibi yako haikuwa na mwanamume kwa miaka miwili zaidi. Tena ndiyo miaka ya kufunga mkanda. Tuliambiwa miezi kumi na minane, ikapita, mkanda ukabaki palepale. Sukari ya foleni, sabuni ya foleni, kitambaa cha foleni. (Wanasema neno foleni lenyewe limetoka kwenye amri ya gwaride. Sisi watoto wa kota hatukushangaa.)

Nikupe kitu kimoja cha kwangu, ukitumie ukipenda. Mwaka 1979 nilikuwa na miaka saba. Ilikuwa gari la jeshi likiingia kwenye laini yetu mchana, Land Rover, polepole, wanawake wanatoka milangoni. Hawakimbii, hawasemi. Mmoja ana unga mikononi, mwingine ameshika mtoto aliyekatwa nywele nusu. Wote wanatazama matairi yanakata kona kwenda mlango upi. Likipita mlango wako unarudi ndani, na moyo wako umefurahi, na furaha hiyo unaionea aibu kwa sababu bado linakwenda kwa mtu. Mama yangu baada ya hapo alikuwa anapika chungu kikubwa zaidi. Ilichukua miaka kabla sijaelewa chakula cha ziada kilikuwa cha nani.

Kwa hiyo andika kazi aliyoifanya. Wanzuki iingie. Tabora ni nchi ya asali, na mwanamke wa Kingoni aliyefika huko hana ndugu akajifunza pombe ya asali kwa mwenyeji ni mwanamke mwenye akili ya haraka. Lakini andika kwa namna baba yako mkubwa anaweza kukaa kitini akasikiliza. Usiseme "alikuwa mgema". Kwanza mgema ni wa tembo, mnyoosheeni Kiswahili. Sema: "Fedha zilipochelewa alijifunza kupika wanzuki kwa rafiki yake wa Ng'ambo, akauza, watoto wakavaa sare za shule." Tafuta jina la huyo mama wa Ng'ambo, mtajeni kanisani. Halafu muulize baba yako mkubwa taratibu: sare na viatu vya mwaka 1979 vililipwa na nani? Nusu ya akina mama watakaokuwa kwenye mabenchi siku hiyo wamesomesha watoto kwa mtungi. Watajitazama wataguna kwa raha.

Usiku wa mahabusu uache mlangoni pa kanisa. Usiuone kama aibu. Ni hadithi ya kuchekea, na kicheko chake kinataka watu waliokaa mkekani, chai ipo, baada ya wageni kuondoka. Hapo mwachie shangazi yako asimulie. Yeye ndiye aliyesimuliwa, tena na mtu aliyekuwa anacheka, na siri ya mtungi aijuaye kata. Wewe si kata, mwanangu. Wewe umesikia kwa kata.

Za babu ndizo nilizokaa nazo siku mbili kabla ya kukujibu.

Usisome kanisani habari ya mikono shingoni. Babu hayupo kujibu, watoto wake wapo, na mmoja wao amekuwa askari kwa sababu ya baba huyo. Hali aliyorudi nayo leo ina jina kwa madaktari na ina matibabu. Wakati ule ilikuwa na ukimya na glasi. Mwanamume alikabidhi bunduki akarudishwa kwa mkewe, basi, mke ndiye awe hospitali. Naona unavyotaka kumtetea bibi yako, na una haki. Ila ukilisoma kwenye kipaza sauti mbele ya watu 200, wasikilizaji watatoka hapo wakimjadili babu. Itakuwa mara ya tatu.

Lakini pia usidanganye. Usithubutu kuandika "waliishi kwa amani na furaha hadi kifo kilipowatenganisha". Andika ukweli kwa kipimo: "Mwaka 1981 babu alirudi kutoka vitani. Vita havikuishia mpakani, na bibi alivipokea nyumbani. Mwaka 1982 alikaa Songea na watoto wake miezi saba, kisha akarudi." Sentensi tatu. Anayejua atajua, asiyejua atasikia kwamba kulikuwa na uzito. Sijaandika kwa nini alirudi kwa kuwa hatujui, na wewe usimtungie sababu. Wengine watataka useme ni upendo, wengine watasema ni watoto au ni padri. Alirudi.

Kabla hujaisoma mbele ya watu, mpelekee baba yako faragha. Amebeba likizo ndefu ya Songea miaka arobaini na zaidi. Haifai aje kuisikia maana yake kwenye turubai, mkono wake ukiwa na soda.

Yaliyobaki, mikono na mayowe na yote, yaandike kamili kwenye daftari, kwa tarehe, kama shangazi alivyosema, kisha mpe shangazi alitunze. Siku moja atatokea kijana wa ukoo huo atakayeamka usiku akipiga kelele, au mke atakayetaka kujua alianza nani. Daftari liwepo.

Kuhusu kuacha kupika pombe, umesema shangazi hajui. Mimi nina dhana yangu, na nadhani na wewe unayo. Mwanamke mwenye mtungi ndani na mume asiyelala hana hesabu nyingi za kupiga. Ila ni dhana. Usiiandike kama jambo lililotokea. Andika tu kwamba aliporudi kutoka Songea hakupika tena, wasikilizaji waunganishe wenyewe.

Kuna upande mmoja ambao barua yako yote haikuugusa, na nilisoma mara mbili nikidhani nimeruka ukurasa. Kwao. Umemuuliza shangazi, baba mkubwa, baba. Wote ni wa Tarime. Bibi yako aliishi miaka kumi na minane kabla hajamwona babu, na huko Peramiho lazima yupo mdogo wake, binamu, mtu aliyesoma naye darasa la nne, anayekumbuka alikuwa anaimba sauti gani kwaya, na aliitwaje kabla hajawa Mama Fulani. Na hao ndio waliompokea 1982 na watoto wanne bila kuuliza. Tafuta namba, piga jioni saa mbili wakiwa wamekula, na omba ruhusa urekodi. Mzee akikwambia "sikumbuki", mtajie pazia. Anza na vitu. Kumbukumbu za wazee zinakaa kwenye vitu, ukimshikisha kanga mkononi anakutajia na mwaka.

Kama ana picha, mwambie aigeuze. Nyuma ya picha za zamani pana maandishi ya studio na mara nyingine tarehe kwa kalamu ya risasi.

Urefu: kurasa mbili za kuandika kwa mkono, zisizidi. Watu wamekaa juani, wazee wana kisukari kama marehemu, na masufuria yananukia. Andika sentensi fupi. Soma kwa sauti nyumbani mara tatu, utajua ni sentensi gani inakukaba koo. Ikiwa ni ileile kila mara, iweke mwisho wa ukurasa ili upate sababu ya kugeuza karatasi na kumeza mate. Mkabidhi binamu yako mmoja nakala ya pili, asimame karibu, na akikuona umesimama zaidi ya pumzi tatu aendelee pale ulipoachia. Si aibu. Ukilia, lia, kisha kohoa, endelea. Hakuna atakayekuwekea alama.

Pazia nenda nalo, na usilifue. Mwombe shangazi yako alitundike kwenye dirisha la sebule ya nyumba ya bibi asubuhi hiyo, hivyohivyo halitoshi. Mke wa baba mkubwa akiuliza, mwambie ni la siku moja.

Na mdogo wake bibi wa Songea, mkimpata, mtumieni nauli mapema, ya kuja na kurudi, pamoja na ya mtu wa kumsindikiza. Kutoka Songea hadi Tarime ni safari ya siku mbili kwa basi, na mzee hawezi kukesha stendi. Wazo langu ni kwamba yeye ndiye avute kitambaa cha jiwe. Baba yako mkubwa amwombe mwenyewe kwa simu, amwite mama mdogo.